Mafuta ya Kumliza Baba

Wiki iliyopita nilinunua kuku wa mayai aliyechoka kutaga, kwa sababu ndiye aliyebaki peke yake kwenye tenga la muuzaji. Nilipomfungua nyumbani nikakuta chini ya ngozi mafuta ya manjano, mazito, ya kujaza viganja viwili. Mwingine angeyatupa. Mimi niliyakatakata pamoja na ngozi, nikayatia kwenye sufuria na maji kidogo, nikapunguza moto, na yalipoanza kuyeyuka nikaongeza kitunguu. Haikupita nusu saa harufu ikajaa chumba changu chote, ikaingia mpaka kwenye mapazia, nami nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi nikicheka. Jirani yangu alichungulia dirishani akauliza nacheka na nani. Nikamwambia nacheka na baba yangu. Alitazama huku na huku, akaona niko peke yangu, akaenda zake.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Biryogo, Kigali, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo cha mbele kilikuwa duka la Baba. Baba alikuwa fundi cherehani, kama baba yake, na kama babu yake aliyefika Kigali pamoja na wafanyabiashara wa pwani akiwa na mkasi mmoja na utepe wa kupimia. Wateja walimwita Fundi Yusufu. Hakuwa mkali kwa maana ya kupiga au kufoka. Alikuwa mtu aliyepima maneno kama alivyopima kitambaa, na kitambaa hakupenda kukipoteza. Niliwahi kumwona akikata suti nzima, tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, bila kufungua mdomo isipokuwa kushika pini kwa midomo.

Mama alikuwa mpishi Nyarutarama, mtaa wa matajiri, kwa mama mmoja mzee aliyeitwa Madamu Dora. Shule zilipofungwa Mama hakutaka nibaki nikizurura mtaani, kwa hiyo alinichukua kila siku kwenda naye kazini. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye jiko kubwa kuliko nyumba yetu, lenye sakafu ya baridi na dirisha lililotazama bustani, na nikakutana na mwanamke wa kwanza maishani mwangu kumwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja.

Madamu Dora alizaliwa Ulaya, lakini alikulia Lubumbashi, ambako wazazi wake, Wayahudi, walikwenda kuanza maisha upya. Uzeeni alimfuata mwanawe, mhandisi wa barabara, hapa Kigali. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, cha haraka, na alikisema kwa sauti ya mtu anayeagiza mizigo ishushwe. Yeye na Mama walielewana tangu siku ya kwanza, kwa sababu nguruwe hakuingia jikoni mwa yeyote kati yao. Tena Madamu Dora hakuchanganya nyama na maziwa, kwa hiyo siagi haikugusa sufuria ya nyama. Alipikia mafuta ya kuku. Mama alinunua kuku wazee sokoni Nyabugogo, wakachinjwa Biryogo kwa bismillahi, akawapeleka Nyarutarama kwenye kikapu. Madamu Dora alikuwa akiwabonyeza kifuani kwa kidole gumba, mmoja mmoja, kama daktari, akisema, "Huyu iko muzuri. Huyu iko na mafuta mingi. Huyu alikuwa anakimbia-kimbia sana, huyu ni wa supu tu."

Mafuta yale aliyaita shmalts. Aliniambia ni neno la Kiyidishi, lugha ya mama yake, iliyozungumzwa na Wayahudi wa upande ule wa Ulaya wenye theluji. Nililipenda neno hilo kwa sababu lilitoa sauti ileile ya kitunguu kikigusa mafuta ya moto. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda na kuangalia rangi. Kitunguu kikianza kuwa kama chai ya rangi, nilitakiwa kumwita Mama. Mama aliyachuja kwa kitambaa kwenye chupa ya kioo, na vile vipande vya ngozi vilivyobaki, vikavu, vyenye kulia mdomoni kama bisi, nilipewa mimi na chumvi kidogo. Mpaka leo sijala kitu kitamu kuliko hicho. Chupa ilipopoa, mafuta yalibadilika kutoka manjano ya dhahabu kuwa meupe kama nta, na Madamu Dora aliyapaka kwenye mkate, akampa Mama kipande, akanipa mimi kipande, tukala tumesimama.

Sasa, baada ya chakula cha mchana, Mama alikuwa akipiga pasi sebuleni mbele ya televisheni. Saa ile kulikuwa na mchezo wa kuigiza, zile tamthilia ndefu za mapenzi, ambapo mama amempoteza mtoto, mtoto hajui kama yule mama ni mama yake, na kila mtu anatazama dirishani. Mama alikuwa analia. Alikuwa anapiga pasi shuka na kulia, machozi yakidondoka kwenye shuka na kupanda mvuke. Madamu Dora alipita na fimbo yake, akatazama televisheni, akamtazama Mama, akatikisa kichwa.

"Shmalts," akasema. "Shmalts tupu."

Nikashtuka. Nilijua Mama alikuwa amekula vipande viwili vya mkate asubuhi ile.

Siku ya pili redio ilipiga wimbo wa harusi, wimbo wa taratibu wenye vinanda vingi, na mtunza bustani aliyekuwa jikoni akinywa chai akajifuta macho. Madamu Dora akasema tena, "Ile ni shmalts." Na yule mtunza bustani, niliona kwa macho yangu, alikuwa amepewa mkate uleule. Siku nyingine mwanawe alimsomea barua kutoka kwa mjukuu, barua iliyojaa mioyo ya rangi nyekundu, na sauti ya mwanaume yule mzima ikakatika katikati. "Shmalts mingi," Madamu Dora akasema, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anatafuta kitambaa chake.

Mtoto wa miaka tisa hahitaji zaidi ya hapo. Nilielewa kila kitu. Mafuta ya kuku yakiingia tumboni yalipanda mpaka moyoni, yakaulainisha moyo kama yalivyolainisha mkate, na yakizidi yakatafuta njia ya kutokea, ambayo ni macho. Ilinisumbua kidogo kwamba Madamu Dora alikula shmalts kila siku na machozi yake yalikuwa haba, lakini nikakumbuka kwamba mtu aliyezoea kutwanga pilipili hapigi chafya. Siri hiyo sikumwambia mtu. Niliibeba kifuani wiki nzima nikijiona nina dawa ambayo hata hospitali hawana, na nilijua mgonjwa wangu ni nani.

Mgonjwa alikuwa Baba, na ugonjwa wake ulihusu dada yangu Zaina.

Zaina alikuwa amenizidi miaka kumi na mmoja. Tangu akiwa msichana mdogo alikuwa ameketi dukani karibu na Baba, akianza na kufumua mishono, kisha kushona vifungo, kisha matundu ya vifungo, mpaka ikafika siku Baba alimpa mkasi. Hakuna kijana wa kiume aliyejifunza dukani aliyewahi kupewa mkasi ule. Jioni moja, wakati tunafunga duka, Zaina akasema, "Baba, nimepata kazi Masoro. Kwenye kiwanda cha nguo. Naanza Jumatatu."

Baba hakuinua macho kutoka kwenye pindo. "Kazi unayo."

"Najua, Baba. Lakini kule nitajifunza mashine kubwa."

"Kule utashona kipande kimoja mpaka uzeeke. Fundi anashona nguo, Zaina. Anayeshona kipande ni mkono tu."

"Basi niache nikaone mwenyewe."

"Nenda," Baba akasema.

Alikwenda. Alipanga chumba karibu na Masoro na wasichana wawili wa kiwandani, akawa anampigia Mama simu kila Ijumaa. Baba alikuwa akisikia simu ikilia anatoka kwenda kunywa maji, na mtungi ulikuwa uani. Miezi mitatu jina la Zaina halikutoka kinywani mwake. Siku hizi, nikiwa mtu mzima, najua alikuwa anaogopa. Viwanda vilikuwa vimejaa, nguo zilizoshonwa tayari zilikuwa zinauzwa kila kona, na mtu pekee aliyemfundisha kila alichojua alikuwa ameondoka kwenda upande ule. Lakini wakati huo niliona tu baba aliyekauka.

Idi ya Kuchinja ilikuwa inakaribia. Ijumaa moja nilisikia Mama akibembeleza kwenye simu, "Njoo tu, mwanangu. Ni Idi." Kisha akasikiliza, akasema, "Yego, sawa. Nimeelewa." Alipokata simu nikamuuliza Zaina amesemaje.

"Amesema atakuja baba yake akimwita. Asipomwita, Idi atakula hukohuko."

Jumatatu iliyofuata niliingia Nyarutarama na kichupa cha dawa ya kikohozi, kimeoshwa na kukaushwa, ndani ya mfuko wa sweta langu. Mama alipotoka kuanika nguo nilifungua friji, nikachota vijiko vinne vya shmalts, nikakijaza kichupa. Sikujiona mwizi hata kidogo. Nilijiona muuguzi.

Nyumbani, mimi ndiye niliyempelekea Baba sahani yake ya jioni. Kati ya jiko la uani na chumba cha mbele kulikuwa na ujia mfupi wenye giza, na humo ndimo nilimotia kijiko kizima kwenye maharage ya moto, nikakoroga kwa kidole, nikalamba kidole. Kisha nikakaa kwenye mkeka mbele yake nikisubiri.

Baba alitia tonge la kwanza, akatafuna taratibu. Akatia la pili. Akasimamisha mkono.

"Maharage ya leo yana kitu," akasema.

Mama akatoka jikoni akijifuta mikono. "Kitu gani?"

"Sijui. Yana kitu." Akatazama sahani, akaisogeza mbele. "Ongeza."

Hakulia. Nikasema moyoni, ni siku ya kwanza, dawa haifanyi kazi siku ya kwanza. Siku ya pili niliweka vijiko viwili kwenye wali. Aliumaliza, akafuta sahani kwa kidole, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Siku ya tatu alimwambia Mama, mbele yangu, kwamba mapishi yake siku hizi yamekuwa kama ya walipokuwa wachumba. Mama, ambaye alikuwa akitia maharage chumvi na kitunguu kama miaka yote, alitabasamu kwa mshangao, na kesho yake nikamkuta anajifunga kitenge kipya. Siku ya nne macho ya Baba yalilowa. Nikasimama kutoka kwenye mkeka.

"Baba, unalia?"

"Vumbi la kitambaa," akasema. "Kaa chini."

Wiki ya pili Baba alikuwa ameanza kufungua kifungo cha suruali baada ya kula, na chupa ya Madamu Dora ilikuwa imeshuka hadi chini kabisa. Nilikuwa nachota kila siku bila kutazama kilichobaki. Mtoto anadhani friji ya tajiri ni kama kisima.

Alhamisi Madamu Dora alikuwa anataka kupika chakula cha siku ya kuzaliwa ya mwanawe, supu yenye vidonge vya unga ambavyo bila shmalts, alisema, ni mawe ya kurushia mbwa. Akafungua friji mwenyewe. Akaitoa chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama Zaina," akasema. "Mafuta yangu iko wapi?"

Mama akasogea. Akaitazama chupa.

"Sijui, Madamu."

"Wiki iliyopita ilikuwa imejaa."

"Ilikuwa imejaa, Madamu. Niliijaza mimi."

Madamu Dora aliiweka chupa mezani, taratibu, akatoka na fimbo yake. Huenda hakuwa na mawazo mabaya. Huenda alikuwa anajiuliza kama uzee umemfanya ale bila kukumbuka. Lakini Mama alikuwa amefanya kazi kwenye majumba ya watu tangu ujana wake bila kuchukua hata kijiti cha kiberiti, na sasa kulikuwa na chupa tupu katikati ya meza. Aliosha vyombo mara mbili siku ile. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu, nikijaribu kusema, na kila nilipofungua mdomo nikaona uso wa Mama na kuufunga.

Jioni Mama alimweleza Baba, kwa sauti ya chini, akiwa amempa mgongo. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kesho naenda na wewe."

"Uende kufanya nini?"

"Kusimama," Baba akasema. "Mke wangu hachukui kitu cha mtu. Aambiwe hivyo na mimi nikiwa nimesimama."

Ijumaa asubuhi Baba alivaa koti lake zuri la kijivu, la kuendea misikiti mikubwa na mahari za watu, tukatoka watatu. Nilikuwa natembea katikati yao, nimeshika mkono wa kila mmoja, na nilijua kwamba mtu pekee kati yetu asiyekuwa mkweli alikuwa mimi.

Madamu Dora alitupokea jikoni. Alikuwa mfupi mbele ya Baba, akalazimika kuinua kidevu.

"Madamu," Baba akasema, "naitwa Yusufu. Mimi ni mume wake. Nimekuja kwa sababu ya mafuta. Nimekaa na mwanamke huyu miaka ishirini na mitatu, na sijawahi..."

"Ni mimi," nikasema.

Wote watatu wakainamisha macho kunitazama.

"Nilichukua mimi. Nilimpa Baba. Kwenye maharage." Kisha kila kitu kikatoka kwa mkupuo, nikiwa tayari nalia. "Na kwenye wali. Nilitaka alie."

Mama akaweka mkono mdomoni. Baba akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza njia katika mji asioujua, "Unataka mimi nilie kwa nini, Hawa?"

"Ili umwite Zaina."

Madamu Dora akavuta kiti akakaa.

"Mutoto, kuya huku," akasema. "Nani alikuambia shmalts inaliza watu?"

"Wewe. Mama akilia mbele ya televisheni ulisema ni shmalts. Na wimbo wa redio. Na barua ya mjukuu."

Nadhani alielewa kabla sijamaliza. Mabega yake yalianza kutikisika, kisha tumbo, na sauti ikatoka mwisho, kicheko kikubwa cha mwanamke mdogo, mpaka akavua miwani na kuishika mbali na uso wake, machozi yakimtoka kwa wingi. Mama naye akashindwa. Alijaribu kukaza uso, ukamponyoka, akageukia ukuta. Mimi niliwatazama wanawake wawili wakilia kwa kucheka, na kwa dakika nzima nikaamini dawa imefanya kazi, ila imekosea watu.

Madamu Dora alipopata pumzi akanieleza. Shmalts ni mafuta ya kuku, basi. Lakini watu wao, huko alikozaliwa na kila walikokwenda, walizoea kusema kwamba wimbo wenye kubembeleza kupita kiasi, au mchezo unaokukamua machozi kwa nguvu, umetiwa shmalts nyingi. "Sawa vile mupishi anamwaga mafuta mingi kwa mboga," akasema. "Inateleza sana. Tamu sana. Unakula, unafurahi, kisha unasikia haya. Umeelewa? Haiko dawa. Ni musemo tu."

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilielewa tu kwamba Mama hakuwa amefukuzwa kazi.

Baba alikuwa bado amesimama palepale. Hakuwa amecheka. Madamu Dora alivaa miwani tena, akamtazama, na macho yake yakashuka kutoka usoni hadi kwenye koti. Alinyanyuka, akamsogelea, akalishika upindo wa mbele kati ya vidole viwili bila kuomba ruhusa.

"Hii koti, nani alishona?"

"Mimi, Madamu."

"Baba yangu alikuwa fundi. Lubumbashi yote ilikuwa inavaa makoti yake." Akageuza upindo kutazama ndani, akapitisha ukucha juu ya tundu la kifungo. "Hizi matundu zilifanywa kwa mkono."

"Kwa mkono."

"Ni weye ulizifanya?"

Baba alishusha macho kwenye tundu la kifungo.

"Hapana," akasema. "Matundu ni ya binti yangu." Kisha akaongeza, "Ya Zaina. Alishona akiwa na miaka kumi na mitano. Mimi siwezi kuyafikisha hapo."

Lilikuwa jina lake, baada ya miezi mitatu, kwenye jiko la mtu mwingine. Mama aligeuka kutoka ukutani.

"Na sasa yeye iko wapi?" Madamu Dora akauliza.

"Masoro. Kiwandani."

"Masoro si mbali na hapa."

"Si mbali," Baba akakubali.

"Basi saa wanatoka, mi nawapeleka. Saa hii tunapika, sababu leo ni siku mwanangu alizaliwa na sina mafuta."

Hivyo ndivyo Fundi Yusufu alivyotumia siku yake. Aliomba ruhusa akaenda msikitini, akarudi, akavua koti, akakunja mikono ya shati na kusaidia kukata ngozi za kuku kwa kisu, vipande vilivyolingana kama vimepimwa kwa rula. Madamu Dora alimwambia hajawahi kuona shmalts iliyokatwa vizuri hivyo. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikiangalia rangi, na wakati huu Baba ndiye aliyenipa vile vipande vikavu, baada ya kuonja kimoja na kusema, "Kumbe ndiyo hii."

Saa kumi na moja kasoro tulipanda gari dogo la Madamu Dora, gari la rangi ya maziwa ambalo aliliendesha mwenyewe, akipiga honi kwenye kila kona na kuwalaumu wenye pikipiki kwa Kiyidishi. Baba alikaa mbele, mkono mmoja kwenye dari. Madamu Dora alituteremsha mbele ya geti la kiwanda, akazima injini, akafungua gazeti mbele ya uso wake, na akabaki amelifungua ukurasa uleule muda wote.

Mlinzi alituuliza tunatafuta nani. Kabla Baba hajajibu kengele ililia, milango ikafunguka, na wanawake wakaanza kutoka, wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja, wote kwenye makoti ya buluu, vitambaa vimefungwa kichwani, wakicheka na kuitana, nyuzi za rangi zimewaganda mabegani. Walitupita kulia na kushoto. Nilikuwa namtafuta Zaina kwa uso na simwoni. Baba alimwona kwanza, kwa mwendo wake. Alikuwa katikati ya wenzake wawili, anasimulia kitu kwa mikono yote miwili. Akainua macho. Mikono ikabaki hewani.

Wenzake wakatazama, wakaelewa, wakasogea kando.

Nilishika sketi ya Mama. Nilikuwa nangoja machozi ya Baba kwa imani yote niliyobaki nayo. Baba alitembea hatua zilizobaki, akasimama mbele ya Zaina, akamtoa uzi mweupe begani, akauzungusha kidoleni kama alivyozoea dukani.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula, Baba. Saa saba."

"Wanawapa nini?"

"Ugali. Maharage."

Baba akatikisa kichwa. Alitazama jengo nyuma yake, refu, lenye madirisha mengi juu, kisha akamtazama yeye.

"Unashona nini humo?"

Zaina akashusha macho. "Kola. Kola za mashati tu, Baba. Ulisema kweli. Kipande kimoja."

"Kola peke yake, siku nzima?"

"Siku nzima. Nikifumba macho naziona."

Nilidhani sasa atasema nilikuambia. Hata Zaina alidhani hivyo, kwa sababu alikuwa amekaza mdomo akingoja. Baba alinyoosha mkono, akaligusa shati lililochomoza chini ya koti la buluu, shati jeupe ambalo baadaye tulijua kila msichana alipewa moja. Aliikunjua kola, akaipima unene kwa vidole, akailaza tena. Ncha zilikaa chini, zimetulia, hazikunyanyuka.

"Mimi nashona kola tangu sijaoa," akasema. "Ncha huwa zinanyanyuka. Napiga pasi, zinalala. Mteja akifua mara mbili, zinanyanyuka. Hizi hazinyanyuki. Mnafanyaje?"

Zaina aliinua uso. Nilikuwa mdogo, na mengi ya siku hiyo nilikuja kuyaelewa baadaye, lakini uso ule niliuelewa palepale. Baba yake alikuwa amemuuliza kitu asichokijua.

"Ni namna ya kukata kitambaa cha ndani, Baba. Unakikata kimelala upande. Nitakuonyesha."

"Lini?"

"Wewe sema."

"Idi," Baba akasema. "Njoo Idi. Njoo mapema."

Alikuja mapema mno, Mama akamfungulia mlango akiwa bado na mswaki mdomoni. Tulikwenda kuswali, tukarudi, majirani wakapita kutupa mkono wa Idi, watoto wakapita na nguo mpya zenye harufu ya dukani, na Mama akateremsha sufuria ya pilau, akatandika mkeka uani, akapanga sahani. Kisha akanituma nikawaite Baba na Zaina waliokuwa chumba cha mbele.

Niliwakuta Zaina ameketi kwenye cherehani ya Baba, na Baba amesimama nyuma yake, ameinama juu ya bega lake akiwa na kanzu nyeupe ya sikukuu, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeambiwa asiguse. "Simama hapo," alikuwa anasema. "Rudia. Umelaza hivi au hivi?" Nikasema chakula tayari. Wakasema wanakuja. Mama akanituma mara ya pili, wakasema wanakuja. Mara ya tatu hawakunisikia kabisa, kwa sababu walikuwa wanabishana kuhusu upana wa mkato, sauti zote mbili juu, na katikati ya mabishano Baba akacheka, kicheko kizima, cha wazi, kilichotoka mpaka uani.

Mama alikisikia. Alisimama kidogo na upawa mkononi. Kisha akachukua kifuniko, akaifunika pilau, akaketi kwenye mkeka na kunyoosha miguu yake juani, akanivuta nikae karibu naye.

"Usiwaite tena," akasema. "Tutakula wakimaliza."